Kikoba na imani

Bwana asifiwe dada. Umeuliza kama kuweka akiba kwenye kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ni kukosa imani, maana Yesu alikataza kusumbukia kesho (Mathayo 6:34). Mimi naona alikataza kusumbuka, si kupanga. Yesu huyohuyo, Luka 14:28, anamzungumzia mtu anayekaa chini kuhesabu gharama kabla hajajenga mnara.

Angalia akina mama wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa huko Mwanza. Dagaa huvutwa na taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa taa hazina kazi, wavuvi wanapumzika, mzigo unaadimika. Mama anayeweka kidogo wakati wa giza hajamkana Mungu, anajua tu ziwa linavyokwenda. Hata mvuvi anaomba kabla ya kusukuma mtumbwi, ila kuchota maji yanayovujia ndani ni kazi yake (na asiyechota hakosi kumsingizia shetani).

Kwangu imani inajaribiwa zaidi kwenye kipimo. Kopo la dagaa lina kitako kilichobonyezwa ndani, mteja haoni, na wewe ada ya shule inadaiwa. Ukimpimia haki siku hiyo, hapo umemtegemea Mungu kweli. Kikoba endelea nacho dada, na zaka usisahau.