Jar Ipo Foldani, Mbona Java Haioni?

SWALI: Shikamoo fundi. Programu yangu ya Java naijenga kwa Maven (chombo cha kujenga programu na kuziletea maktaba zake). Kwenye kompyuta yangu inawaka vizuri, lakini ikijengwa kwenye seva inakufa na NoClassDefFoundError, yaani Java haikuipata klasi inayohitaji. Folda ya lib nimeifungua, maktaba inayolalamikiwa naiona kwa macho yangu: hesabu-1.4-SNAPSHOT.jar. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Ifungue jar ya programu yako (ni zipu tu ile), usome mstari wa Class-Path (orodha ya jar ambazo Java itazitafuta) ndani ya manifesti, yaani faili la META-INF/MANIFEST.MF. Naona kabisa utakuta jina refu, mfano hesabu-1.4-20240312.081530-7.jar. Java inalitafuta hilo. Isipolipata huliruka kimya kimya, mpaka klasi ihitajike ndipo ipige kelele.

SNAPSHOT, yaani toleo ambalo bado linatengenezwa, ikipandishwa kwenye hazina ya mbali (seva ya kuhifadhi maktaba), Maven huliondoa neno hilo na kuweka tarehe, saa na namba ya ujenzi. Saa yenyewe ni ya UTC (saa ya kimataifa), usishangae ikipishana na ya ukutani. Wewe maktaba ya hesabu uliijenga mwenyewe kwenye kompyuta yako kwa mvn install, kwa hiyo jina likabaki fupi kote. Seva iliishusha kutoka hazina, na hapo ndipo plagini (vipande vya Maven vinavyofanya kazi moja moja) zikagombana: maven-jar-plugin, inayotengeneza jar ya programu, ikaandika jina refu kwenye manifesti; copy-dependencies, inayonakili maktaba kwenda lib, ikanakili faili kwa jina fupi. Kila moja imefuata mpangilio wake wa kawaida, ndiyo maana pom.xml (faili la mipangilio ya Maven) ukiikodolea macho huoni kosa.

Dawa ya haraka ni kuweka useUniqueVersions iwe false kwenye sehemu ya manifest ya maven-jar-plugin, majina yawe mafupi kote. Nilikaa nayo muda mrefu, mpaka usiku mmoja nikaulizwa seva inaendesha maktaba iliyojengwa siku gani. Nilichungulia lib, kila jar inaniambia SNAPSHOT, tarehe hakuna. Tangu hapo nageuza upande wa pili: useBaseVersion ya copy-dependencies naiweka false, majina yawe marefu kote. Ila uanze na mvn clean (inayofuta matokeo ya ujenzi uliopita) kila mara, la sivyo jar za juzi na jana zitarundikana, na anayewasha programu kwa lib/* (yaani jar zote za lib) hatajua ipi imetangulia.

Na tafadhali, usibadilishe jina la faili kwa mkono. Kesho hiyo 7 itakuwa 8.