Mkuu, usimruhusu fundi achukue umeme kwenye betri moja ya Scania yako

Mkuu simamisha hiyo kazi. Kama fundi wako ameshashika spana, mwambie aiweke chini asome na yeye.

Nimesoma bandiko lako lote. Una Scania 114, lori la volti 24 lenye betri mbili za 12, unataka kutoa balbu za kabini uweke LED, na kule kitandani unataka stripu, ule utepe wa LED wa kubandika. Unauliza rangi gani haichoshi macho, bei za Kariakoo zikoje, trafiki wanasumbua au la, na kama LED zitakupunguzia kula betri ukilala foleni. Sawa. Ila katikati ya maelezo umepitisha juu juu sentensi moja: "fundi kasema stripu za volti 12 ndizo rahisi kupatikana, kwa hiyo atachukua umeme kwenye betri moja." Nilikuwa nimeshalala, nimeamka kwa ajili ya sentensi hiyo.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi. Na siyo na fundi wa chini ya mwembe, huyu ana gereji, ana bango, ana ovaroli limepigwa pasi. "Bosi, betri si mbili? Kila moja si volti 12? Tunachomoa pale katikati, kazi imeisha." Na kweli ikaisha chapchap. Stripu zikawaka buluu kabini nzima, tandiboi wangu akapiga picha akaweka status. Nikalipa, na ya soda nikamwongezea. Mnaonifahamu humu naomba msianze kucheka mapema, bado hamjafika penyewe.

Ubaya wa kosa hili halikuumi siku hiyo. Gari ilikwenda na kurudi vizuri tu. Baada ya muda nikaanza kuona betri moja inaisha maji upesi wakati mwenzake yamejaa. Nikaongeza maji, nikafunga vifuniko, nikaendelea na maisha. Halafu ikaja harufu ya mayai viza kila nikisimama mizani baada ya kupiga mwendo mrefu. Nikamlaumu tandiboi na maharage ya Mikumi. Nilimkosea yule kijana, na hapa hapa namwomba radhi.

Sasa siku ya siku ilikuwa foleni ya Tunduma, mpakani na Zambia. Wanaoijua wanaijua: unazima injini, unalala, wenzako wakisogea nawe unawasha unasogea, unazima tena. Usiku stripu zangu zinawaka, redio inaimba, na mimi humo ndani najiona niko hotelini. Alfajiri mbele wakasogea. Nageuza funguo, nasikia tk-tk-tk. Nageuza tena, hata hiyo tk hakuna. Nyuma honi, pembeni matusi ya lugha tatu, na magari yananipita moja moja yakiingia kwenye nafasi yangu. Vijana wa kubusti wakaja na bei yao ya mtu aliyebanwa. Nikatoa.

Nampigia fundi wangu, anajibu bila hata kupumua: "Betri moja imekufa hiyo, nunua moja tu, ya pili nzima." Nikanunua betri mpya ya N150, moja, nikaiozesha kwa ile ya zamani. Ikafa ikiwa na stika yake ya dukani! Narudi kudai garantii, muuzaji anaipima, ananiambia hii imenyonywa ikaachwa bila kuchajiwa, garantii haihusiki na matumizi ya namna hiyo. Nampigia tena mtaalamu wangu. Safari hii eti alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, ndiyo mbovu. Yaani alikuwa tayari kubadilisha gari zima kipande kwa kipande isipokuwa waya wake mmoja aliochomeka yeye mwenyewe. Nilishaanza kuulizia bei ya alteneta, Mungu tu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi umeme pale Mbeya. Hakufungua chochote. Aliwasha injini, akaweka mita kwenye betri zote mbili kwa pamoja: volti 27.9. Akasema alteneta yako nzima. Kisha akapima moja moja. Ya kwanza 15.3. Ya pili 12.6. Akanitazama kwa juu ya miwani: "Umefunga nini cha volti 12 humu ndani?"

Nikataka kumwambia tandiboi ndiye kafunga.

Akafungua vifuniko. Ile ya 15.3 ilikuwa inachemka injini ikiwaka, vipovu vinapanda, maji yameshuka mpaka vichwa vya sahani za risasi viko nje vikavu, na ubavu wa betri umevimba. Ile ya 12.6 ndiyo niliyoambiwa inalisha taa. Alipoingiza haidromita, kile kipimo cha uzito wa maji ya betri, kielea chake kikazama chini kabisa, wakati betri iliyojaa inatakiwa isome kama 1.26 kwenda juu. Betri mbili kwenye boksi moja: moja inaungua kwa kuchajiwa kupita kiasi, jirani yake inakufa njaa.

Sababu yake iko hivi, na mpe fundi wako asome kwa sauti. Betri zako zimeungwa mfululizo ili zitoe 24. Alteneta inachaji zote mbili kwa njia moja, na inachoangalia ni jumla tu, ifike kwenye 28 hivi. Ni kama mwenye nyumba anayetaka kodi itimie, hajali ni mpangaji gani kalipa zaidi. Ukiinyonya betri ya chini, yaani ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye chesesi, peke yake usiku kucha, asubuhi ya juu imejaa na ya chini imepungua. Alteneta inasukuma mkondo ule ule kupitia zote mbili. Ya juu, kwa kuwa imeshajaa, volti zake zinapanda upesi mpaka 15, jumla inatimia, alteneta inapunguza nguvu. Ya chini inabaki na njaa yake, halafu usiku unainyonya tena. Hata uendeshe Dar mpaka Tunduma bila kupumzika, haijai.

Na usiniambie "ni taa ndogo tu za LED." Stripu ile ya LED 60 kwa mita, za ukubwa wa 5050, inakula wati 14.4 kila mita. Roli la mita tano ni wati 72, yaani ampea 6 kwenye volti 12. Ukiziwasha kwa muda wa saa nane, hizo ni ampea-saa 48. N150 yako ni ya ampea-saa 150 ikiwa mpya. Theluthi ya betri moja inaondoka usiku mmoja, na ile redio bado hujaihesabu.

Kwa hiyo hakuna kitu cha volti 12 kugusa betri za gari la 24 isipokuwa kipitie konveta, kifaa cha kushusha volti. Iwe taa, iwe redio, iwe feni ya kitandani. Konveta ya 24 kwenda 12 inachukua umeme kwenye betri zote mbili, kwa hiyo zinapungua pamoja na kujaa pamoja. Kwa mita tano usichukue ya ampea 5, chukua 10. Weka fyuzi karibu na betri, na swichi upande wa 24, maana konveta nyingine zinakula kidogo hata taa zikiwa zimezimwa. Fundi wangu fyuzi hakuweka kabisa, na waya wake aliupitisha kwenye bawaba ya kabini. Kila nikiinua kabini kuangalia injini unabanwa. Mzee aliuvuta akanionyesha gome limechubuka, shaba inang'aa, sentimita chache kutoka kwenye chesesi; ingegusa ni shoti. Hapo nilikaa chini kidogo.

Wala usikubali wazo lake la pili, maana najua atakuja nalo, la kuzipiga stripu za 12 moja kwa moja kwenye 24 "kwa sababu LED hazina shida." Humo ndani LED tatu zimefuatana na karizista kamoja, kale kadude ka kuzuia umeme usizidi. LED zinachukua volti 9 au 10, karizista kanabaki na 2 au 3. Ukileta 28 karizista kanabebeshwa 18. Itawaka kama jua, kisha itanuka, na gundi yake iko juu ya godoro lako.

Njia rahisi kuliko zote, ambayo hakuna aliyeniambia, ni kununua za 24 tangu mwanzo. Stripu za 24 zipo. Balbu za LED za 24 zipo, na zipo zilizoandikwa 10-30V ambazo hazibagui. Zile za dari zenye chuma ncha zote mbili toa ya zamani uipime urefu, kuna milimita 31, 36, 39 na 41, ukikosea inalegea kwenye kishikio na kuzima kila shimo la barabara. Ukiifunga isipowaka usikimbilie kusema mbovu, igeuze, LED ina chanya na hasi. Hizo zinaingia kwenye nyaya za gari zenyewe, zenye fyuzi zake, fundi hana sababu hata ya kufungua boksi la betri.

Kama kazi imeshafanyika, chomoa huo waya wa katikati leo. Chaji kila betri peke yake kwa chaja ya 12 mpaka ijae, kisha pima. Ikiwa mojawapo imeondoka, nunua mbili za aina moja, tarehe moja. Moja mpya na moja kuukuu nimeshakulipia ada ya somo hilo.

Rangi chukua nyeupe ya joto, ile yenye umanjano, Kelvini 3000 hivi. Ile ya 6000 ina ubuluu, inasumbua macho zaidi usiku. Ya bei na trafiki watakujibu wengine, mimi hapa presha imeshapanda.

Piga picha boksi la betri kabla halijaguswa, uiweke hapa. Nataka nione zile tamino za katikati zina nyaya ngapi. Inatakiwa iwe mmoja tu, ule mnene unaounganisha betri na betri.