Kiongozi kahama, jalada liko wapi?

Maswali ya safari hii yametoka kwa kamati za koo na vikundi vinavyodai mabaki ya wahenga waliouawa enzi ya Mjerumani. Mafuvu yao yalipelekwa Ulaya kupimwa ili ionekane Mwafrika ni wa daraja la chini. Kilio ni kimoja: serikali imebadilika, huku au kule, na jambo limelala.

Kamwene. Mkuu wa wilaya aliyetuahidi kulifikisha dai letu amehamishwa. Aliyekuja anasema hana habari nalo. Tuanze upya? (Mzee wa ukoo, Kalenga)

Kamwene, mzee. Mtaanza upya ikiwa tu mliahidiwa kwa mdomo. Mkuu wa wilaya huhama na simu yake, lakini masijala haihami. Tafuteni nakala yenu yenye muhuri wa kupokelewa, nendeni nayo masijala, mwulize jalada kwa tarehe hiyo na mnakili namba yake. Barua mpya ianze na "Rejea barua yetu ya tarehe fulani, jalada namba fulani". Hapo mkuu mpya ataletewa jalada zima kabla hajajibu. Nakala ziende kwa Katibu Tawala wa Wilaya, afisa utamaduni wa halmashauri na Makumbusho ya Taifa.

Wengi hawana nakala yenye muhuri, kwa sababu kijana aliyetumwa aliiacha barua kwa mlinzi getini. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mkiona.

Kukiwa kimya, tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016: raia akiomba kwa maandishi, ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Ombeni kitu kimoja, mfano nakala ya barua iliyotoka hapo kwenda wizarani. Ukiomba "taarifa zote" umewapa sababu ya kukukatalia.

Na ninyi wa Kalenga mna ushahidi nyumbani. Ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, iliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ndani ya miezi sita. Likarudi 1954. Katika miaka hiyo 35 Ujerumani ilipita jamhuri, Hitler, vita na kugawanywa, na ile ibara ikabaki pale pale, hivyo Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, hakulazimika kubuni dai. (Fuvu lenyewe alilitambua kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, kwa vipimo vya kichwa, elimu ile ile ya kibaguzi iliyoyapeleka mafuvu huko. Hilo bado ni chungu.)

Ujerumani ina serikali mpya tangu 2025. Ahadi za Songea zimekufa? (Mwalimu, Mafinga)

Aliyeomba msamaha na kutoa ahadi hizo Songea tarehe 1 Novemba 2023, kwa maovu ya enzi ya Mjerumani, ni Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier. Serikali ya kila siku ni ya kansela, na Friedrich Merz aliingia Mei 2025. Rais wa kule hashiki mafungu ya wizara, kwa hiyo maneno yake ni ya kunukuu kwenye barua, si ya kungojea.

Habari njema ni kwamba utamaduni kule ni kazi ya majimbo. Makumbusho ya Bremen hayabadiliki kwa sababu kansela amebadilika. Mafuvu 202 yaliyotajwa kuwa ya Tanzania katika utafiti uliotangazwa Berlin 2023 yako chini ya taasisi ya urithi wa utamaduni wa Prussia. Mwandikieni anayeshika kitu, nakala iende wizarani kwetu. Msipomjua, Berlin kuna ofisi ya mawasiliano ya makusanyo ya kikoloni, iliyoanza kazi 2020, ambayo ni ya serikali kuu, majimbo na miji kwa pamoja. Hiyo itawaelekeza.

Barua nyingi hukwama kwenye majina. Wekeni na tahajia ya Mjerumani: Songea ni Ssongea, Iringa mjini ni Neu-Iringa, Tukuyu ni Neu-Langenburg, Unyakyusa ni Konde. Mtunza daftari akitafuta "Tukuyu" peke yake anaweza asione kitu. Ongezeni miaka. "Mna mabaki yoyote kutoka Ssongea yaliyoingia kati ya 1905 na 1908?" ni swali linalojibika. "Rudisheni babu zetu" ni la haki kabisa, ila halina pa kuanzia kutafuta.

Wenzetu wanasema serikali imeshalibeba suala letu, kamati ivunjwe. (Katibu, Tukuyu)

Msiivunje. Afrika Kusini, UDF, umoja wa vikundi vya raia uliopinga ubaguzi wa rangi, ulioanzishwa 1983, ulijivunja 1991, chama cha ukombozi cha ANC kilipokwisha kuondolewa marufuku. Ilipokuja shida ya dawa za UKIMWI, watu waliunda chombo kipya, TAC, mwaka 1998, kikaishtaki serikali ambayo wengi wao waliipigia kura, na Mahakama ya Katiba ikawapa haki 2002. Namibia nako, tamko la pamoja na Ujerumani la 2021, kuhusu mauaji ya enzi ya ukoloni, liliahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30. Wazao wengi wa Waherero na Wanama walilikataa, kwa kuwa meza ilikuwa ya serikali mbili na wao wakawa nje.

Mwenzenu akiteuliwa serikalini mpongezeni, kisha akabidhi uongozi, muhuri na majalada wiki hiyo hiyo. Mtu hawezi kuandika barua na kuipokea mwenyewe.

Fedha zinatugombanisha. (Mweka hazina, Njombe)

Watu 30 wakitoa shilingi 2,000 kwa mwezi ni 60,000. Inatosha nakala, nauli ya wawili hadi wilayani na akiba kidogo. Haitoshi posho za vikao, na hapo ndipo kamati nyingi hufia: mfadhili analeta posho mwaka mmoja, akiondoka hakuna anayehudhuria. Akaunti iwe na watia saini watatu wa familia tofauti, na daftari lisomwe kila kikao hata kama limeingiza 4,000 tu.

Tumesikia watu wa vinasaba watakuja kuchukua mate. Tukubali? (Mjukuu, Songea)

Vinasaba vinafanya kazi. Utafiti ule wa Berlin ulipata ndugu walio hai wa watu waliochukuliwa Kilimanjaro. Lakini mate yako yanasema habari za ukoo mzima, hivyo usitoe peke yako. Kabla ya mtu kutemea kichupa, mpate karatasi ya ridhaa kwa Kiswahili inayotaja sampuli itakaa wapi, itafutwa lini, nani atapewa majibu, na kwamba haitatumika kwa utafiti mwingine. Wakisema karatasi italetwa baadaye, mate nayo yatoke baadaye. Wakati huo huo wahojini wazee: simu mezani, redio izimwe, nasaba kwanza, vita baadaye. Rekodi iwe na jina, kijiji na tarehe, na nakala tatu kwenye nyumba tatu.

Tunataka matembezi ya kumbukumbu. Tuombe kibali? (Kijana, Mbeya)

Sheria inadai taarifa ya maandishi polisi, angalau saa 48 kabla, ikitaja njia, saa na lengo. Pelekeni siku saba kabla, ili wakizuia mpate muda wa kukata rufaa.