Usiitoe raundi ya saba kama nyongeza ya fungu

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji anayeishi Winnipeg, nchini Kanada, kijana ambaye amejiunga na ligi ya fantasi ya hoki ya barafu, yaani mchezo wa kumiliki wachezaji wa kweli kwa karatasi na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, pamoja na wenzake wa kazini. Aliandika hivi: "Kaka, shikamoo. Nina nafasi tatu za kuchagua chipukizi, mbili za raundi ya 6 na moja ya raundi ya 7. Mwenzangu anataka nimwongezee hizo tatu ndipo anipe mshambuliaji mzoefu. Nizitoe? Si takataka tu hizi?" Nilidhani ningemjibu kwa mistari miwili, lakini neno hilo la takataka lilinizuia, kwa sababu niliwahi kulitamka mimi mwenyewe, kwa sauti, mbele ya mashahidi, na gharama yake ninaijua mpaka leo.

Kwa wale waliozoea fantasi ya soka ya Uingereza pekee, niseme kwa kifupi kwamba kila mwaka timu 32 za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, huchagua kwa zamu vijana wa umri wa miaka 18 na kuendelea kidogo, raundi saba, jumla ya majina 224, na timu zilizofanya vibaya ndizo hupewa nafasi za mbele. Shughuli hiyo huitwa drafti, na haihusiani kabisa na ile drafti ya barazani inayochezwa kwa vizibo vya soda, ingawa kelele zake hazipishani sana. Timu ikishamchagua kijana hupata haki ya kumsajili, na kijana huyo anaweza kubaki Urusi, Uswidi au chuoni kwa miaka kadhaa kabla ya kuonekana.

Ligi yetu sisi ilianza mwaka 2013 katika ghala la mizigo hapa St. Paul, Minnesota, na ina washiriki kumi. Kila mmoja humiliki wachezaji wanaocheza sasa, ambao mabao na pasi zao ndizo pointi zetu, na kila baada ya drafti ya kweli kila mshiriki huchagua vijana saba na kuwaandika katika daftari lake mpaka siku watakapoingia NHL, hata ikiwa ni baada ya miaka sita. Mimi nilitokea Tanga, ambako barafu niliyoijua ilikuwa ile ya ukwaju inayofungwa katika kifuko cha plastiki, na nilialikwa kwa sababu walikuwa tisa na walihitaji wa kumi wa kumfunga. Walinifunga kweli. Sitaisimulia misimu miwili ya kwanza, kwa kuwa haina la kusimulia zaidi ya nafasi ya mwisho na ya mwisho kabla ya mwisho.

Mwaka 2015 drafti ilifanyika Florida, na jina la kwanza lililosomwa lilikuwa la Connor McDavid, aliyekwenda Edmonton. Kwetu ghalani naye alitangulia kuchaguliwa, na aliyempata alizunguka na foklifti akipiga honi. Zamu yangu ya mwisho ilipofika vijana wote waliosifiwa walikuwa wameisha, nami nikaandika kwa penseli jina la kijana wa Kirusi kutoka Novokuznetsk, huko Siberia, aliyechaguliwa na timu yetu ya nyumbani, Minnesota Wild, katika raundi ya 5, nafasi ya 135. Sikuwa nimemwona akicheza hata dakika moja. Nililipenda jina, nikapenda pia kwamba mji wake huenda una baridi kuliko huu wa kwangu. Jina lenyewe lilikuwa Kirill Kaprizov.

Hapo ndipo yalipo maungamo yangu. Miaka miwili ilipita, kijana akabaki Urusi, na kila nilipofungua daftari nilimwona amekaa palepale kama mgeni asiyeaga. Novemba 2017 nilikuwa nafasi ya tatu katika ligi yetu, jambo ambalo halijawahi kunitokea, na kichwa kikavimba. Mwenzangu mmoja, mzee mtaratibu ambaye hutengeneza foklifti zetu na ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, alinipa mshambuliaji mashuhuri aliyekuwa amevuka miaka 34. Tulikubaliana wachezaji wa kubadilishana, kisha mzee akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo mlangoni, "Niongezee na yule Mrusi wako." Mnajua sokoni mama akishakupimia fungu la nyanya huwa anatupia moja au mbili za juu, nyongeza, ili mteja arudi tena. Mimi nilimtupia Kaprizov hivyohivyo, na nikaongeza, "Mchukue, raundi ya tano, takataka tu." Walikuwapo watu wanne chumbani, na wote wanne wanaikumbuka kauli hiyo kwa usahihi wa kushangaza.

Mshambuliaji wangu mashuhuri aliumia goti Januari.

Mwezi uliofuata NHL haikuwaruhusu wachezaji wake kwenda katika Olimpiki ya Pyeongchang, Korea Kusini, hivyo Warusi waliokuwa wakicheza kwao wakawa na kikosi kizito kuliko wote. Fainali yao na Ujerumani ilionyeshwa huku kwetu usiku mzito, nami nikakaa sebuleni, sauti ya televisheni nikiwa nimeipunguza ili watoto wasiamke. Matokeo yalikuwa 3 kwa 3, muda wa nyongeza ukaanza, Mjerumani mmoja akatolewa kwa adhabu, na pasi ikakatiza uwanja hadi upande ambao kijana mmoja mfupi alikuwa ameshainua gongo lake akisubiri. Hakuisimamisha pasi, aliipiga ilivyokuja. Dhahabu ya Olimpiki ilipatikana kwa bao la mtu niliyemtoa kama nyanya ya juu ya fungu. Simu yangu iliwaka palepale, ujumbe kutoka kwa mzee, ambao haukuwa na neno lolote isipokuwa alama ya nyanya.

Niliumia tena Januari 2021, alipofika hatimaye Minnesota na katika mchezo wake wa kwanza kabisa, ugenini Los Angeles, akatoa pasi mbili za mabao na kufunga la ushindi katika muda wa nyongeza. Msimu huohuo alichukua tuzo ya mchezaji chipukizi bora. Septemba 2025 alisaini mkataba wa miaka minane wenye thamani ya dola milioni 136, na mimi bado nina watu wanaoniuliza kama takataka siku hizi zimepanda bei.

Kidonda hicho ndicho kilichonifanya nianze kusoma, na niliyoyasoma yalinitia aibu zaidi, kwa maana mambo haya yalikuwa wazi miaka mingi kabla yangu. Detroit Red Wings ilimpata Pavel Datsyuk mwaka 1998 katika nafasi ya 171, na Henrik Zetterberg mwaka uliofuata katika nafasi ya 210, na wawili hao wakaijenga timu iliyotwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, mwaka 2008. Habari ya Datsyuk inanivutia hasa kwa sababu Håkan Andersson, skauti (mtafuta vipaji) wa Detroit barani Ulaya, alikuwa amekwenda Urusi kumtazama beki mwingine kabisa, Dmitri Kalinin, na jicho lake likanaswa na kijana mdogo wa upande wa pili ambaye hakuna aliyemtaja. Kijana huyo alikuwa akikaribia miaka 20, na timu zote zilikuwa zimempita katika drafti za nyuma.

Zingatieni pia mapacha wa Kiswidi, Joel na Henrik Lundqvist, waliochaguliwa mwaka 2000. Joel, mshambuliaji, alichukuliwa na Dallas katika nafasi ya 68, wakati Henrik, kipa, alisubiri mpaka nafasi ya 205 ndipo New York Rangers wakamchukua. Joel alicheza misimu mitatu tu katika NHL akarudi kwao, naye Henrik amekaa leo katika Jumba la Heshima la hoki akiwa na ushindi 459. Walizaliwa siku moja, wakalelewa nyumba moja, na bado waliolipwa kwa kazi ya kutazama vijana walikosea kwa zaidi ya nafasi mia moja thelathini, kwa hiyo msidhani mimi nawacheka. Ninachosema ni kwamba kijana wa miaka 18 hajamaliza kukua, na kipa huchelewa zaidi kuliko wote, kwa kuwa ukipa ni kazi ya kusoma mchezo na kutulia, mambo ambayo huja na miaka.

Msomaji wangu wa Winnipeg anao mfano mlangoni pake. Connor Hellebuyck, kipa wa Winnipeg Jets, alichaguliwa mwaka 2012 katika nafasi ya 130 baada ya kudaka katika ligi ndogo ya vijana huko Odessa, Texas, mji wa mafuta na vumbi ambako sidhani kama skauti mwenye akili timamu angepanga kwenda kwa hiari yake. Mwaka 2025 alipewa tuzo ya kipa bora kwa mara ya tatu pamoja na tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote katika ligi.

Nisimdanganye mtu. Wengi sana kati ya wanaochaguliwa katika raundi za mwisho hawachezi NHL hata mchezo mmoja, na daftari langu limejaa majina yaliyofutwa. Mwaka 1974 meneja wa Buffalo Sabres, Punch Imlach, alichoshwa na urefu wa zoezi lenyewe kiasi cha kutaja katika raundi ya 11 mchezaji wa Kijapani aitwaye Taro Tsujimoto, ambaye hakuwapo duniani, na jina likapokewa na kuandikwa kabla ya uongo kugunduliwa. Hivyo ndivyo raundi za mwisho zilivyodharauliwa, na ndiyo maana bei yake ni ndogo kuliko thamani yake kwa mtu ambaye yuko tayari kukaa nazo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1984, Los Angeles Kings walimchukua katika raundi ya 4 kijana aitwaye Tom Glavine, ambaye aliamua kwenda kucheza besiboli na akawa gwiji huko, kisha katika raundi ya 9, nafasi ya 171, wakamchukua Luc Robitaille, aliyefunga mabao 668. Meneja yuleyule, mezani palepale!

Basi, ushauri wangu kwa kijana wa Winnipeg ni huu. Nafasi ya raundi ya mwisho haikununulii mchezaji. Inakununulia haki ya kusubiri bila kulipa kodi. Kwa hiyo itumie kwa wale ambao wengine hawataki kuwasubiri, yaani kipa, Mrusi mwenye mkataba kwao, na mfupi ambaye wakubwa wanaogopa ataumizwa. Ukishamchukua, msubiri. Mtu akikuomba uvunje subira hiyo kwa ajili ya pointi za Machi, kumbuka goti la yule mshambuliaji wangu wa miaka 34, kisha endelea kusubiri.

Mimi nililifanya hilo Juni 2019. Calgary ilimchukua kipa Dustin Wolf katika nafasi ya 214, wakati yalikuwa yamebaki majina matatu tu drafti ile ifungwe. Takwimu zake katika ligi ya vijana, akiwa na timu ya Everett, zilikuwa nzuri kupita kiasi, lakini alionekana mfupi kwa kipa wa zama hizi, na alizaliwa Gilroy, California, mji unaojulikana kwa kitunguu saumu kuliko barafu. Nikamwandika, safari hii kwa kalamu ya wino. Mwaka 2021 niliombwa nimtoe, nikakataa. Mwaka 2022 niliombwa tena, na aliyeniomba alikuwa mzee yuleyule, kwa sauti ileile ya mlangoni, nami nikamjibu kwamba leo duka halina nyongeza. Aprili 2023 Wolf alidaka mchezo wake wa kwanza wa NHL akashinda. Msimu wa 2024 hadi 2025, uliokuwa wake wa kwanza kamili, alishinda michezo 29 na kumaliza wa pili katika kura za chipukizi bora, na mimi nikachukua kombe la ghala kwa mara ya kwanza tangu nialikwe kuja kufungwa.

Kombe lenyewe ni chupa ya chai ya chuma, kubwa, iliyobonyea upande mmoja, yenye majina yaliyokwaruzwa kwa msumari. Jina langu wameliandika vibaya, wakasahau herufi moja, na sikuwaomba walirekebishe. Ninaikumbuka siku niliyomtoa Kaprizov kila ninapowaona ndugu zetu waliohamia huku wakiuza kitu cha kesho kwa bei ya leo, wakiacha kozi chuoni muhula wa pili kwa sababu zamu za usiku zinalipa sasa hivi, wakigawa kiwanja cha nyumbani ili wapate gari la kutembelea. Nimekuwa mmoja wao na ninawaambia kwa ukali wa mtu aliyeungua.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Winnipeg, usizitoe zile nafasi tatu. Mwenzako akizing'ang'ania, mwulize ameshamwona nani, kisha umtazame usoni anapojibu.

Mzee wa foklifti bado ana Kaprizov. Siku habari za mkataba zilipotoka, alifika ghalani mapema kuliko wote, akaandika 136 kwa kalamu nyekundu katika pembe ya juu ya ubao wa zamu, na chini yake akachora nyanya. Kila Ijumaa mimi ndiye ninayefuta ubao huo kwa ajili ya wiki mpya, na pembe ile huwa naipita.