Jibu: Kwa nini Bonds yuko nje na Ortiz yuko ndani?

Mkuu, salaam. Unauliza kwa nini mchezaji wa besiboli Barry Bonds, mwenye homurani 762 (mipigo inayompa mpigaji mzunguko mzima wa uwanja), hayumo kwenye Jumba la Umaarufu la Cooperstown, linaloenzi magwiji wa mchezo huo Marekani, ilhali mchezaji mwenzake David Ortiz, naye aliyetajwa kwenye sakata la dawa za kusisimua misuli, ameingia.

Nikibishana na wenzangu huwa naanza na adhabu: mtu alifungiwa, au anashukiwa tu? Alex Rodriguez, mchezaji mwingine, alifungiwa msimu mzima wa 2014 kwa dawa, huyo kajimaliza. Bonds ligi haikuwahi kumfungia kwa dawa, lakini 2022, nafasi yake ya mwisho kwa waandishi wa besiboli wanaopiga kura ya kuingia jumbani, alipata 66% na inatakiwa 75%. Ortiz akapita mwaka huohuo. Tabasamu nalo hupigiwa kura, na Bonds alikuwa mkavu kwa waandishi.

Mimi ningemwingiza. Kufikia 1993, kabla ya tuhuma za dawa, alishakuwa mchezaji bora wa ligi mara tatu.