Maumivu ya kisigino asubuhi na mwendo wa kuchechemea

Dada yangu, umeeleza kwamba kisigino chako cha kulia huuma unapokanyaga sakafu asubuhi, hupata nafuu ukishatembea kidogo, kisha maumivu hurudi jioni baada ya safari ya miguu kutoka Kawangware hadi kazini Westlands, na kwamba sasa unachechemea. Dalili hizo hufanana sana na za kuumia kwa utando mgumu wa chini ya wayo, unaounganisha kisigino na vidole. Usiku hukaza, na hatua ya kwanza huuvuta ghafla.

Kabla hujashuka kitandani, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako kwa sekunde 30, mara 3, na mchana nyoosha misuli ya shavu la mguu ukiegemea ukuta. Acha ndala na viatu bapa vilivyolika soli, hata ndani ya nyumba. Nafuu huweza kuchukua miezi, usikate tamaa.

Kuchechemea ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi, kwani huweza kuleta maumivu ya goti, nyonga na mgongo. Ukiweza, panda matatu kwa wiki chache. Ukihisi ganzi, mguu ukivimba, au ikiwa una kisukari, tafadhali usingoje: mwone daktari.