Shanga za Karatasi kwa Sikukuu

Swali: Mheshimiwa Mhariri, ningependa kuwapa mama mkwe na mawifi zangu mikufu ya shanga za karatasi wakati wa Krismasi, lakini shanga zangu hufunguka na kunata mkononi. Nifanyeje? Msomaji, Jinja, Uganda.

Jibu: Dada msomaji, kalenda za zamani, ambazo karatasi yake ni nzito na yenye rangi kali, hufaa kuliko gazeti. Kata pembetatu ndefu na nyembamba, uviringishe kila moja kwenye njiti kuanzia upande mpana huku ukiikaza, kisha upake gundi hadi nchani, kwani ncha isiyo na gundi ndiyo hufunguka. Kunata husababishwa na vanishi nzito, au iliyopakwa juu ya tabaka bichi. Msimu wa mvua, vanishi inapokawia kukauka, usiharakishe.

Usimfungie mama mkwe zawadi hiyo kwa kitambaa cha lubugo. Ufundi wa kukitengeneza kutokana na gome la mti uitwao mutuba uliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu mwaka 2008, lakini kwa kuwa hutumika pia kuvishia maiti, wazee wengine huweza kukwazika. Kikapu kidogo cha kusukwa kinatosha.